Mlango Nyuma ya Kabati la Jasuba

"Leo usiwapitishe watu humu, dada Ketaki," alisema Dhiraj. "Mlango wa mama mwenye nyumba haufungiki tangu juzi."

Dhiraj alikuwa mpiga pasi. Meza yake ilikaa barazani, chini kabisa ya nyumba ya Jasuba, na asubuhi hiyo ya Jumamosi alikuwa akipuliza makaa ndani ya pasi huku shati la mtu likimngoja mezani, limelala kifudifudi. Ketaki alikuwa amepita mapema kabla ya wageni wake kufika, kama alivyozoea, kuangalia kama vichochoro vinapitika na kama hakuna ng'ombe aliyejilaza njiani.

"Mbao zikilowa huvimba, kaka. Kila msimu wa mvua ni hivyo hivyo," alimjibu.

"Zikivimba, mlango unabana kote. Huu umebana juu, chini umeachia hivi." Akamwonyesha vidole viwili. "Na mbao zinalia. Kri, kri, kama mtu anashuka ngazi. Natoka kuangalia, ngazini hakuna mtu. Mimi si fundi, lakini chini ya dari hii nimekaa miaka ishirini na sita. Tunajuana."

"Umemwambia mwenyewe?"

"Nani, Jasuba? Nitukanwe asubuhi yote hii? Mwaka jana watu wa manispaa walibandika karatasi ya onyo hapa ukutani. Aliibandua, akaenda kuwashia jiko."

Ketaki alicheka, lakini kicheko chenyewe kilimkauka mdomoni. Aliinua macho. Nyumba ya Jasuba ilikuwa ya ghorofa tatu, matofali membamba ya zamani na boriti za msaji, nguzo zake zimechongwa kasuku na maua ambayo mvua za miaka mia na zaidi zilikuwa zimeyala nusu. Siku tano mfululizo mvua haikupumzika. Rangi ya ukuta ilikuwa imegeuka kama chai iliyomwagika. Je, ukuta ule ulikuwa umetuna pale kati? Au ndivyo ulivyokuwa siku zote, na yeye hakuwahi kuutazama kwa jicho la woga?

"Nitaingia mwenyewe kwanza niangalie," alisema. "Nikiona mambo si mambo, nitageuza."

"Haya," alisema Dhiraj, akaushusha uzito wa pasi juu ya shati. "Mimi nimeshasema."

Ketaki Bhavsar alikuwa na miaka arobaini na minne. Kwa miaka kumi na moja alifanya kazi ya karani wa maktaba, hadi maktaba ilipofungwa, na ndipo alipoanza kuwatembeza wageni ndani ya Ahmedabad ya kale. Waongozaji wengine walikuwa na misikiti yao yenye madirisha ya mawe, na masoko yao. Ketaki aliwapeleka watu kule ambako wenzake waligeuzia: ndani ya mitaa yenye malango, ile tunayoiita pol, ambako kichochoro kinakata kushoto, kinakata kulia, kinaingia chini ya chumba cha kulala cha mtu, kisha kinakutema kwenye uwanja mdogo wenye mnara wa kulishia ndege. Na kilichomletea watu kuliko vyote ni mlango wa siri. Katika jiko la Jasuba, nyuma ya kabati la vyombo, palikuwa na tundu ukutani lenye kimo cha mtoto, lililotokea kwenye jumba la jirani. Wazee walilitoboa zamani ili siku za vurugu watu wakimbie kutoka nyumba hadi nyumba bila kukanyaga barabarani. Hakuna mwongozaji mwingine aliyekuwa na mlango kama ule. Jasuba, mjane wa miaka sabini na tisa, hakuwa na uvumilivu kwa mtu yeyote, lakini alimruhusu Ketaki kwa sababu alimjua mama yake.

Wageni wa siku hiyo walikuwa wanne. Bwana na Bibi Kulkarni walitoka Pune, wote wastaafu, mume mnene na mkimya, mke, Sulabha, mwenye maneno ya watu wawili. Daphisha alikuwa msichana wa Shillong, mwanafunzi wa usanifu majengo, mwenye daftari lililovimba kwa unyevu. Wa nne alikuwa Anirban, kijana wa Kolkata mwenye kamera kubwa kifuani, ambaye ukimwambia "twende" alisema "nakuja" na hakuja.

"Huo mlango wa siri tutauona kweli?" Sulabha aliuliza kabla hata ya salamu kwisha. "Maana nimeshamwambia dada yangu, na dada yangu ameshawaambia watu kumi."

"Tukijaliwa, mama," alisema Ketaki. "Mvua imekuwa kubwa. Tutaangalia."

"Usituangushe, mwanangu. Kwa ajili ya mlango huo, mzee wangu huyu amelala kwenye treni amekunja magoti usiku kucha."

Bwana Kulkarni alitikisa kichwa kuthibitisha habari za magoti.

Wakaingia langoni. Mvua ilikuwa imekatika kidogo, maji yakichuruzika kwenye mabati na nyaya za umeme. Wanawake walikuwa barazani wakichagua mawe kwenye dengu, mmoja akampigia Ketaki kelele kwamba amekonda. Penye kona nyembamba kuliko zote Bwana Kulkarni ilibidi apite kwa ubavu, na mkewe akamwambia kwamba kama angepunguza siagi angepita kama binadamu. Wote walicheka. Ketaki naye alicheka, lakini kila walipopinda kona aligeuka na kuhesabu vichwa. Wanne. Kona nyingine. Watatu, na sauti ya Anirban nyuma: "Nakuja!" Kisha wanne tena. Siku nyingine alihesabu kwa mazoea tu. Leo alihesabu mara mbili mbili.

Walipofika kwa Jasuba, Dhiraj aliinua kichwa. Alimtazama Ketaki, akatazama pasi yake.

"Ningojeni hapa kidogo," Ketaki aliwaambia, akavua viatu, akapanda peke yake akishika kamba ya ngazi. Mlango wa juu ulikuwa wazi, na kweli ulining'inia vibaya. Jasuba alikuwa jikoni, ghorofa ya kwanza, ameketi kwenye kigoda akikata biringanya. Alikuwa ameshaoga na kufanya ibada. Katika pembe ya chumba, nyuma ya pazia jekundu, alikaa mungu wake, Krishna mtoto wa shaba, mdogo wa kutosha kiganjani, ambaye Jasuba alimwamsha asubuhi, akamvisha, akamlisha, akamlaza mchana kama mtoto wa kumzaa. Kwenye sakafu palikuwa na mstari wa chokaa. Mtu ambaye hakuoga na kubadili nguo kwa utaratibu wake hakuuvuka mstari ule. Binti yake wa kumzaa hakuuvuka.

"Umeleta kondoo wako?" aliuliza Jasuba bila kuinua kichwa.

"Ba," alisema Ketaki, yaani mama kwa lugha ya kwao, "ule mlango..."

"Mlango umelowa. Mimi mwenyewe nimelowa. Kila kitu kimelowa. Walete wanywe chai, waone tundu lao, waende zao."

Ketaki aliutazama ukuta wa upande wa barabara. Ufa ulikuwepo siku zote, kuanzia dirishani hadi darini. Jumamosi iliyopita ulimeza ncha ya kidole. Sasa ulionekana mpana zaidi. Alitaka kwenda kuupima, lakini Jasuba alikuwa ameanza kumtazama kwa jicho lile la kuuliza nini tena. Akasikia sauti ya Sulabha ikipanda ngazi, "Tumeshavua viatu, mwanangu, tunakuja!" na nyuma yake miguu ya wengine, na ngazi zikilalama. Palepale angeweza kusema hapana. Baadaye, kila aliposimulia habari hizi, hapo ndipo aliposimama na kuvuta pumzi. Hakusema hapana. Alisema, "Karibuni, polepole, mmoja mmoja."

Wakaketi kwenye mkeka, upande wao wa mstari. Jasuba akamimina chai kwenye vikombe vya wageni. Anirban akaomba kumpiga picha mungu aliye nyuma ya pazia.

"Mama yako angekubali upigwe picha umelala?" Jasuba akamuuliza.

"Hapana, bibi."

"Basi na wangu amelala."

Watu wakacheka, na katikati ya kicheko hicho kipande cha chokaa kikaanguka kutoka darini, kikatua ndani ya kikombe cha Sulabha, pwa. Sulabha alikitazama. Akamnyooshea Jasuba kikombe.

"Huanguka," alisema Jasuba, akakipokea kikombe na kummiminia kingine.

Daphisha alikuwa amesimama karibu na dirisha. Alichomeka vidole ndani ya ufa: viwili, kisha akaongeza cha tatu. Akaja hadi sikioni kwa Ketaki. "Dada, samahani. Huu ufa una vumbi jipya ndani. Hauna utando, hauna uchafu. Umefunguka sasa hivi, siku hizi hizi. Na boriti ile," akaonyesha kwa macho tu, "kichwa chake kimetoka ukutani."

Ketaki alifuata macho yake hadi kwenye boriti. Ngazi walizopandia zilikuwa zimeegemea ukuta uleule. Jumba la jirani, la familia ya Parikh waliohamia Surat zamani, lilikuwa tupu lakini imara, na ufunguo wake alikuwa nao. Aliona kwamba njia salama ilikuwa ile ya tundu. Kama pia ilikuwa njia aliyotaka kuwaonyesha tangu mwanzo, hilo hakujiuliza wakati ule.

"Haya, wageni," alisema, akiwa ameshalishika kabati. "Mlango wetu ndio huu. Tunapita haraka kidogo leo."

Akasukuma kabati. Sulabha akapita akisema maskini magoti yangu, mumewe akasukumwa kama godoro, Daphisha akapita bila kuangalia chochote. Anirban akapiga picha tatu, kisha akapita. Ketaki alirudi mara moja kwa Jasuba.

"Ba, twende upande ule kidogo. Uje uketi uani mpaka..."

"Mpaka nini? Nina biringanya motoni."

"Ukuta, Ba."

"Ukuta huu niliukuta nikiwa bibi harusi wa miaka kumi na saba. Utaniacha, sitauacha. Nenda kawaangalie watu wako."

Upande wa pili palikuwa kimya na giza la baridi. Jumba la Parikh lilikuwa na ua katikati, na chini ya mawe ya ua palikuwa na kisima cha kuhifadhia maji ya mvua. Kwa kawaida hapa Ketaki aliwaeleza watu namna maji yalivyoshuka kutoka paani, akawapa nafasi wazunguke, wapige picha. Leo alikuwa akiwashusha ngazi haraka kuelekea uani wakati sauti ilipotokea nyuma yao. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama gunia la mchele lililodondoshwa ghorofa ya juu. Kisha vumbi likapita kwenye tundu taratibu, likaning'inia hewani.

"Nje," alisema Ketaki. "Wote. Sasa hivi."

Wakashuka mbio. Alifungua lango la jumba, akawatoa kichochoroni, akawakimbiza hadi uwanjani penye mnara wa ndege, hatua hamsini kutoka pale. Dhiraj alikuwa tayari anahamisha meza yake, makaa ya pasi yakimwagikia mguuni, akiwapigia majirani kelele watoke.

Ketaki akahesabu. Sulabha. Mumewe. Daphisha.

Akahesabu tena, kana kwamba mtu anaweza kukosea hesabu ya watu watatu.

"Anirban yuko wapi?"

Wakatazamana. "Alikuwa nyuma yangu," alisema Bwana Kulkarni, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza siku ile. "Nilidhani yuko nyuma yangu."

Alimpigia simu. Ilikuwa imezimwa. Aliita jina lake mpaka kasuku wakaruka mnarani. Kisha akakimbia kurudi, na Daphisha akamshika mkono, akamwambia, "Dada, usiingie," na Ketaki akauvuta mkono wake.

Ndani ya jumba la Parikh alizunguka kila chumba cha chini, akaita, akapanda, akaita. Hakuna. Ndipo lilipomjia wazo lililomchoma: yule kijana alinyimwa picha ya mungu. Si ajabu amerudi kwa siri kupitia tunduni. Akainama, akapita.

Jiko lilikuwa limejaa vumbi jeupe. Jasuba alikuwa palepale, amefunika sufuria yake ya biringanya kwa sahani isiingie uchafu.

"Ba, yule kijana wa kamera amerudi huku?"

"Hakuna kijana huku."

"Una hakika?"

"Mimi ni mzee, si kipofu. Hajarudi mtu."

Juu yao boriti ikalia, mlio mrefu safari hii, na mchanga ukaanza kumiminika kutoka kwenye ufa, laini, bila kukatika, kama mtu amefungua mfuko. Ketaki akamshika kikongwe mkono. Jasuba akauvuta.

"Nimekwambia nini? Siendi popote. Yeye amelala. Saa ya kumwamsha bado. Nani atamwogesha, nani atamvisha, huko nje kwa watu najisi waliokula vitunguu? Nenda, mwanangu. Una mume. Nenda."

"Ba, nyumba inaanguka!"

"Basi itanikuta na wangu."

Aliyasema bila hasira, na hapo ndipo Ketaki alipoogopa kuliko wakati wowote. Angeweza kumbeba? Jasuba alikuwa na mifupa ya ndege, lakini tundu lilikuwa jembamba, na mtu anayepigana hapiti tunduni. Angemwachaje? Na muda haukuwepo.

Akauvuka mstari. Miguu yake ilikuwa imekanyaga kichochoro, mikono yake ilikuwa na chai na jasho na kutu ya kufuli. Akalivuta pazia jekundu, akamtwaa mungu wa shaba kutoka kitandani mwake pamoja na shuka lake dogo, akamkumbatia kifuani, akageuka, akakimbilia kwenye tundu.

Nyuma yake alisikia ukelele ambao hakuwahi kuusikia ukitoka kwa binadamu.

"Mwizi! Najisi wewe! Mrudishe! Mrudishe!"

"Njoo umchukue!" Ketaki alipiga kelele, akapita tunduni, magoti yakichunika. "Njoo, Ba! Ninaye mimi!"

Na Jasuba akaja. Alipita tundu lile kama msichana, akashuka ngazi za Parikh ambazo siku nyingine zingemchukua robo saa, akimlaani Ketaki, mama yake Ketaki, na tumbo lililombeba. Alimfukuza kupitia uani, kupitia langoni, hatua hamsini zote za kichochoro, mkono umenyooka mbele, ncha ya sari yake ikiburura kwenye madimbwi. Uwanjani alimfikia, akampiga kofi, akampokonya mungu wake, akaketi chini palepale kwenye matope na kumfunika kwa sari.

Nyumba ikaanguka wakati huo. Haikuanguka yote. Ukuta wa mbele ulitoka kama pazia linavyoachia ndoano zake, ukateremka kichochoroni, na ghorofa ya tatu ikaufuata. Kisha hapakuonekana kitu. Vumbi likawafikia, likawapita, watu wakikohoa na kuitana majina.

Watu wa zimamoto walifika baada ya dakika ishirini, wakitembea kwa miguu kwa sababu gari lao halikuweza kupita langoni. Ofisa wao, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, alimuuliza Ketaki kama kuna mtu ndani.

"Mmoja," alisema Ketaki. "Sijui. Labda mmoja."

"Jina kamili?"

"Anirban."

"Anirban nani, dada?"

Hakujua. Alikuwa na namba yake ya simu na jina moja. Hakujua ukoo wake, hakujua baba yake, hakujua ampigie nani huko Kolkata aanze kumwambia nini. Alisimama pale mvua ikianza upya, akijaribu kukumbuka sura ya yule kijana, na kilichomjia kilikuwa kamera tu, na lile neno lake, nakuja, nakuja. Ofisa aliandika kitu, akaenda. Wakaanza kutoa matofali kwa mikono, moja moja, wakinyamaza kila baada ya dakika chache ili wasikilize. Kila waliponyamaza, uwanja mzima ulinyamaza. Ketaki aliziba mdomo wake kwa mkono ili asiisikie pumzi yake mwenyewe.

Saa nzima ilipita hivyo. Dhiraj alimletea maji. "Nilikwambia," angeweza kusema Dhiraj. Hakusema. Alimkunjulia shati la mteja akamfunika mabegani.

Ndipo kelele zikatokea upande wa pili wa umati, na mtu akawa anajipenyeza, akiomba radhi kwa kila anayemkanyaga. Alikuwa na kamera kifuani na kifuko cha karatasi chenye mafuta mkononi, fafda za moto, vitafunio vya unga wa dengu alivyonunua sokoni.

"Kumetokea nini?" aliuliza Anirban. "Mbona watu wengi?"

Alitazama sura moja baada ya nyingine. "Niliona mlango mdogo kule nyuma ya lile jumba, haukufungwa, nikatoka kidogo tu kupiga picha kasuku. Nikapotea. Kila kichochoro kinafanana! Simu nayo ikaisha chaji. Nikasema nitakula kitu, halafu..."

"Kijana!" Sulabha alimvamia. "Wewe una akili timamu? Watu wanakufukua huko chini! Wanakufukua, unanielewa? Na wewe umeshika vitafunio!" Alimnyang'anya kile kifuko, akakitupa chini, kisha akamkumbatia na kulia begani mwake.

Ketaki alikuwa amejiandaa kwa hasira, lakini hasira haikuja. Akaketi chini, karibu na Jasuba. Akanyoosha mkono kumgusa.

"Usinisogelee," alisema Jasuba. Hakupandisha sauti. Alisogea na mungu wake hadi upande wa pili wa mnara.

Binti yake Jasuba alikuja kumchukua alasiri, akampeleka ng'ambo ya mto, kwenye maghorofa mapya, nyumba ya ghorofa ya nane yenye lifti. Yule mungu ilibidi apelekwe hekaluni kwa makuhani, akaogeshwe kwa siku kadhaa ndipo arudishwe kwa mwenyewe. Habari hizo Ketaki alizipata kwa binti, kwa simu. Yeye mwenyewe hakuwa akilala vizuri. Akisikia mlango ukilia aliamka na kuanza kuhesabu, na mumewe alizoea kumkuta ameketi kitandani akinong'ona wanne, wanne. Matembezi aliyafuta yote. Aliandika orodha ya nyumba kumi na nne zenye nyufa ndani ya pol ile, akaipeleka manispaa, na kesho yake wanawake wa barazani hawakumwambia tena amekonda. Walimuuliza ni nani alimtuma awahamishe watu makwao.

Siku ya kumi na sita alivuka mto. Alibeba maua na matunda, vitu visivyopikwa, ili kikongwe asipate sababu ya kukataa. Binti alimkaribisha, akampa maji. Jasuba alikuwa kwenye roshani, ameketi kwenye kigoda, mto ukionekana mbali chini, umejaa na mwekundu.

"Shikamoo, Ba."

Jasuba aliitazama mikono yake kwanza, kisha uso. "Umeoga?"

"Nimeoga."

"Matunda weka pale. Huku usije."

Ketaki akaketi mlangoni, sakafuni. Chini kulisikika honi za bajaji, ndogo kama za wanasesere.

"Watu wananiambia umeniokoa," alisema Jasuba hatimaye. "Kila anayekuja. Shukuru, wananiambia, msichana amekuokoa. Mimi sijasema hukuniokoa. Lakini ulimshika, Ketaki. Miaka sitini na mbili hakuguswa na mkono mchafu, na wewe ulimkamata kama unakamata kuku. Naamka nikiiona mikono yako."

"Ningefanya nini, Ba?"

"Sijui." Kikongwe alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa swali la haki. "Sijui ungefanya nini. Mimi nakwambia ninachoona nikiamka."

Kisha akasimama, akaivuta sari yake vizuri kichwani. "Nipeleke kule."

"Wapi?"

"Nyumbani. Binti yangu hataki. Nipeleke wewe. Una deni la adabu kwangu, nipeleke."

Walikwenda kwa bajaji, Jasuba amekaa pembeni kabisa wasigusane. Langoni mwa pol Ketaki alishuka kwanza. Kichochoro kilikuwa kimesafishwa nusu, na kamba ya manispaa imefungwa kutoka nguzo hadi nguzo. Dhiraj alikuwa amehamia baraza ya mbele kidogo. Alipowaona aliweka pasi chini, akaunganisha viganja kumwamkia bibi.

Nyumba ilikuwa wazi kama kabati lisilo na milango. Juu, ghorofa ya kwanza, kipande cha sakafu ya jiko kilikuwa kimebaki kikining'inia upande wa jumba la Parikh, na ukutani, juu yake, rafu moja ilikuwa haijaanguka. Masufuria ya Jasuba yalikuwa yamepangwa pale kwa ukubwa, yameoshwa na mvua, yanang'aa.

"Angalia," alisema Jasuba. "Vyombo vyangu vyote vipo."

"Naviona, Ba."

"Ile ya mwisho kulia nilikuja nayo nikiwa bibi harusi. Mkono utaifikia. Kupitia kwa Parikh, kwenye tundu, ninyooshe mkono tu."

"Hapana, Ba."

"Nitanyoosha mkono tu. Sitakanyaga."

"Hapana."

Jasuba alikuwa ameshaishika kamba, na mguu mmoja, mwembamba, wenye pete ya fedha kidoleni, ulikuwa umeshainuka. Mvua ilianza kudondoka, matone makubwa, moja moja. Ketaki alikumbuka mikono yake na yale aliyoambiwa roshanini. Lakini akamkamata kikongwe kiunoni, kwa mikono yote miwili, akamshika hivyo huku Jasuba akimtukana na kumpiga vidoleni, na macho ya Ketaki yakiwa juu kwenye boriti, yakingoja, mpaka Dhiraj alipokuja mbio kumsaidia.